Slaidi nyepesi ya tromboni haiuawi na kupigwa

Slaidi ni ile sehemu ndefu ya tromboni inayovutwa mbele na nyuma. Mgeni wa tromboni akisikia "slaidi nyepesi" hudhani atauziwa slaidi dhaifu. Udhaifu upo, ila si pale anapoutafuta.

Kinachopunguzwa uzito hasa ni bomba za nje, zile zinazoteleza juu ya bomba za ndani. Kampuni ya Bach, kwa mfano, huweka alama ya LT kwenye modeli za namna hii, kama LT42: bomba za nje ni za nikeli-silva badala ya shaba ya manjano. (Jina lisikudanganye, ni shaba, nikeli na zinki; fedha haimo.) Pia slaidi nyepesi aghalabu hazina zile bomba fupi za kuongeza unene zinazovishwa juu, karibu na mshikio wa mkono wa kulia. Bomba za ndani zinabaki zilezile, zimepakwa kromu.

Kwa hiyo kupiga hakuichakazi nyepesi haraka kuliko nzito. Kinachosuguana ni soksi, yaani ule mwisho wa bomba la ndani ulionenepeshwa kidogo, na soksi ni sawa kwa zote mbili. Kwa mate, nyepesi hata ina nafuu: shaba ya manjano ikipoteza zinki hutoa madoa mekundu na kuoza kutoka ndani, wakati nikeli-silva hustahimili zaidi.

Adui ni mkono. Ukuta mwembamba hubonyea kwa kugongwa na stendi ya nota tu, na kwa kuwa nikeli-silva ni ngumu kuliko shaba ya manjano, fundi hutoka jasho kuurudisha. Mshikio nao umelehemiwa moja kwa moja kwenye bomba jembamba. Ukiuvuta kwa kuupinda, bomba linapoteza uduara hapohapo. Ukiunganisha slaidi na kengele (ile sehemu yenye mdomo mpana), shika mshikio wa slaidi ya ndani, na loki, kifungo kinachozuia slaidi isiteleze, iwe imefungwa.

Madhara mengi hufanyika siku ya usafi. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Ya moto hubandua vanishi. Fimbo ya kusafishia izungushiwe kitambaa chepesi yote, hadi ncha, chuma kisionekane. Kisha jambo ambalo wengi hawaambiwi: shika bomba lilelile unalolisafisha. Ukisafisha la kushoto huku umeshika la kulia, kila msukumo unazitanua bomba mbili zisiwe sambamba. Vivyo hivyo unapofuta bomba za ndani.

Slaidi ikikwaruza, usikimbilie krimu ya kulainishia. Kwanza simamisha tromboni wima, slaidi chini, mkono mmoja ukiikinga, fungua loki: slaidi safi hushuka yenyewe bila kusita. Ikisita, chomoa slaidi ya nje, igeuze ili bomba moja la ndani liingie kwenye bomba lake huku la pili likibaki nje. Jaribu kila upande hivyo. Upande ukikwaruza ukiwa peke yake, una bonde au umepinda. Elekeza bomba la nje kwenye mwanga, chungulia, bonde litaonekana kama kivuli. Pande zote zikiteleza vizuri peke yake lakini zikagoma zikiwa pamoja, bomba hazipo sambamba. Laza slaidi ya ndani juu ya kioo kinene: ikitikisika kama meza yenye mguu mfupi, imejikunja.

Krimu ni kidogo sana, juu ya soksi tu, kisha nyunyiza maji. Mafuta ya kupikia hapana kabisa, hugandiana na vumbi. Na mausipisi, kile kipande cha kupulizia, ikinasa, usiing'oe kwa pulaizi ukishikilia slaidi. Nguvu yote huishia kwenye lehemu za slaidi ya ndani. Kuna kifaa cha kung'olea, kila bendi ya kanisa inapaswa kuwa na kimoja.

Ukinunua iliyotumika, telezesha kucha kwenye soksi. Kromu iliyobanduka haitengenezwi nyumbani, na vipande vyake huchora bomba la nje kila unapopiga. Bonde dogo moja la nje ni bei ya fundi. Soksi zilizokwisha ni bei ya slaidi ya ndani nzima.