"Zamani" ilivyonigharimu marka elfu sita

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa na kalamu mkononi nisije nikajibu nisichoulizwa. Chuo hapo Leipzig, Ujerumani, kinataka uthibitisho wa bima ya afya kabla hakijakusajili. Bima ya umma itakula euro 140 na kitu kila mwezi. Mwenzako wa hosteli kakuonyesha ya kampuni binafsi, ya wageni, euro 33 tu. Unauliza kwa nini utoe mara nne na huumwi.

Huumwi leo. Pumu unayo tangu darasa la pili, na usiku wa kukaa nawe kitandani nikikuwekea mito mgongoni sijausahau, hata kama wewe umeusahau.

Baba yako sijui kama aliwahi kukusimulia deni langu la Hamburg. Nilifika 1998, nina miaka ishirini na sita kama wewe sasa, nikachukua ile ya bei rahisi kwa sababu hizo hizo zako. Mwaka uliofuata nikaanza kuumwa hapa kulia, chini ya mbavu, kila nikila kitu chenye mafuta. Kumbe vijiwe kwenye nyongo. Daktari akaniuliza maumivu yameanza lini. Nikajibu kama tunavyojibu sisi: ah, zamani. Kijerumani changu kilikuwa cha kuombea mkate, nikasema *schon lange*. Nilikuwa na maana ya wiki tatu, nne. Akaandika.

Nilipasuliwa vizuri, siku chache nikarudi chumbani. Baada ya mwezi ikaja bahasha ya kijivu. Nikadhani ni nakala ya kumbukumbu, nikaichomeka kwenye kamusi. Ya pili ilikuwa na herufi nene. Ya tatu ndiyo nikampelekea jirani anisomee. Kampuni ya bima ilikuwa imeomba maelezo ya daktari, ikakuta ile "zamani" yangu, ikasema ugonjwa niliingia nao Ujerumani, mkataba haugusi magonjwa ya kabla. Bili yote ikabaki kwangu, zaidi ya marka elfu sita, pesa ya Ujerumani kabla ya euro. Nililipa kidogo kidogo kwa kufagia ofisi alfajiri. Deni nililoanza kulipa kwa marka nililimaliza kwa euro.

Sasa chukua pumu yako, ambayo ni ya zamani kwelikweli, uiweke mbele ya watu kama hao.

Bima ya umma haikuulizi unaumwa nini. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 analipa kiwango cha mwanafunzi, awe na pumu, kisukari au asiwe na kitu. Unapewa kadi yenye picha yako, unaionyesha kwa daktari, bili yao wanamalizana wenyewe. Zile nyingi za binafsi unalipa kwanza mfukoni, halafu unatuma karatasi na kusubiri warudishe. Na hili mwenzako huenda hakukwambia: ukiomba kuondolewa kwenye bima ya umma ili uchukue ya binafsi, uamuzi huo unakufunga mpaka umalize masomo. Hakuna kurudi katikati eti kifua kimebana.

(Mfumo wenyewe ni wa Bismarck, chansela wao wa enzi hizo, sheria ya 1883. Mwaka uliofuata akakaribisha ule mkutano wa Berlin wa kugawana Afrika. Wafanyakazi wake akawawekea bima, sisi tukagawanywa. Hata neno hela tumelitoa kwao, kwenye sarafu yao ya Heller, kwa hiyo usishangae wakiidai.)

Ukishapata kadi, usingoje kuumwa. Tafuta Hausarzt, daktari wa karibu na unapolala, uende ukiwa mzima umwambie una pumu na unatumia dawa gani. Wengine watakujibu hawapokei wapya. Piga kwa anayefuata, usinune. Kwenda kwa bingwa wa kifua, huyo Hausarzt ndiye atakayekuandikia barua, na Termin, yaani miadi, inaweza kuwa ya miezi miwili mbele. Ndiyo maana usimalize inhela ya mwisho ndipo ukumbuke. Dawa utachukua duka lenye herufi A kubwa nyekundu. Zilizoandikwa na daktari utachangia euro 5 hadi 10 kila moja, kiasi tu.

Usiku au Jumapili, ukiwa hoi lakini unajiweza, piga 116117, huko ndiko kwa daktari wa zamu. Ukishindwa kuvuta pumzi ni 112, na hapo usianze kuwaza nani atalipa. Nakujua.

Jingine ni homa. Ukirudi huko kutoka likizo Tanga na mwili ukachemka, iwe wiki ya pili au mwezi wa pili, sentensi yako ya kwanza mlangoni iwe: nimetoka Tanzania, nipimeni malaria leo. Hamburg wanayo taasisi ya magonjwa ya tropiki tangu 1900, lakini daktari wa mtaani Leipzig anaweza kumaliza mwaka hajakutana na malaria hata moja. Atakwambia ni mafua, akupe ushauri wa chai na kulala. Rafiki yangu mmoja alilala hivyo siku nne, akaamkia chumba cha wagonjwa mahututi. Usiwaonee haya. Hapa kwetu hata muuza duka angekwambia ukapime.

Na wakikuuliza limeanza lini, toa tarehe. Jumanne, saa nane usiku. "Siku nyingi", "kitambo", "zamani", hayo tubakie nayo sisi kwenye simu.

Kuhusu pesa: nimeongea na baba yako. Miezi sita ya kwanza tutakuongezea euro 60 kila mwezi, iliyobaki ujibane mwenyewe, hata kama ni kupika maharage Jumapili ya wiki nzima. Ukianza kazi ya saa chache chuoni utatuambia.

Kadi yako ya kliniki nimeipata kwenye sanduku la chini, imeliwa na mende pembeni lakini chanjo zote zinasomeka. Nimeipiga picha, na yenyewe nimempa shangazi yako anayesafiri Alhamisi. Nimemfungia pamoja na karatasi yenye majina ya dawa zako zote tangu utotoni na mwaka ulioanza kila moja. Fomu ya yule mwenzako, kama umeshaijaza, usiitie sahihi. Nitumie nione kwanza.

Mama