Uliza Tujibu: Sumaku Inaelea Juu ya Shaba?

SWALI: Yambo ba redaksyo. Mi niko fundi wa bobinaje mu Katuba, hapa Lubumbashi, nafungaka bamotere na batransfo, njo kazi yangu tangu kijana. Mtoto wangu wa iniversite alinionyesha video moja, kijiwe kyeusi iko ndani ya moshi ya baridi alafu sumaku inaelea juu yake, haigusi kitu. Eti mu kile kijiwe muko shaba. Nikacheka, juu shaba naishika kila siku na sumaku haiikamatake. Akaongeza eti kuko na bengine ya presyo kali yenye haiombake baridi ya vile, lakini batu banabishana kama ni kweli. Sasa kama umeme unapita bila kupotea si imetosha? Kwa nini tena banatafuta mambo ya sumaku?

JIBU: Papa fundi, mtoto hakukudanganya, na wewe pia haukukosea kucheka. Shaba yenyewe, hii yetu ya Katanga, hata uipoze namna gani hakuna mtu ameiona ikigeuka suprakondukta, yaani kitu chenye kinapitisha umeme bila rezistansi hata kidogo. Lakini uichanganye na yitriumu, bariumu na oksijeni, uichome mu furu, inatoka kitu kyeusi kama kipande cha chungu, na kile njo kijiwe chenye uliona. Ilipatikana 1987, mwaka mmoja tu nyuma ya watafiti Bednorz na Müller kufungua njia ya shaba na oksijeni kule Zürich. Inaanza kazi kwenye digrii 180 chini ya zero, na ule moshi ni wa nitrojeni ya maji, yenye iko 196 chini ya zero.

Fanya kitu kimoja pale atelye. Chukua kipande cha tiyo ya shaba, angusha ndani sumaku ndogo yenye nguvu. Haikamatwi, ni kweli, lakini inashuka polepole kama mzee kwenye ngazi, juu ikitembea inazalisha umeme mu tiyo na ule umeme unaisukuma irudi. Unajua mwenyewe shaba ina rezistansi, basi ule umeme unakufa palepale, unageuka joto, sumaku inaendelea kushuka. Mu suprakondukta haukufe. Unazunguka paka kuzunguka kwenye ngozi ya kijiwe, sumaku inabaki hewani.

Sasa hapa njo swali lako. Tuseme uko na waya isiyo na rezistansi hata kidogo, basi tu, haina kingine. Ukiiwekea sumaku karibu kabla haijapoa, alafu ukaipoza, nguvu ya sumaku yenye ilikuwa ndani itabaki ndani, itafungiwa. Suprakondukta ya kweli inafanya kinyume, ikipoa tu inaitupa inje nguvu yenye ilikuta ndani. Meissner na Ochsenfeld waliliona hilo Ujerumani 1933, na tangu siku ile njo alama yenye batu wanaiamini zaidi. (Kile kijiwe kyeusi hakitoe yote, kuko nyuzi za sumaku zinabaki zimenaswa ndani, ndiyo maana unaweza kukigeuza na sumaku ikaning'inia chini yake bila kuanguka, mi nikiona ile bado nashangaa.)

Kuhusu presyo. Aina moja ya kijiwe cha shaba na oksijeni, yenye zebaki ndani, inafanya kazi mpaka karibu 138 chini ya zero. Miaka ya 1990 wakaifinya kwa gigapaskali kama 30 (gigapaskali moja ni karibu mara elfu kumi ya presyo ya hewa), ikapanda mpaka karibu 109 chini ya zero, juu atomu zikisogezwa karibu mambo yote ndani yanabadilika. Alafu 2015, kikundi cha mtafiti Eremets kule Mainz, Ujerumani, kikafinya hidrojeni na salfa, 70 chini ya zero. Mwaka 2019 ikawa lantani na hidrojeni, 23 chini ya zero, yaani karibu na konjelateri ya mama wa samaki tomson! Ila inaomba gigapaskali 170.

Ni ngapi ile? Simamisha mfuko wa unga wa kilo 25 juu ya ncha ya sindano yenye upana wa mikrometa 50. Uzito wote ukitua pale ni kama gigapaskali 125. Mashine kubwa haihitajike, ni almasi mbili zinaangaliana ncha kwa ncha, unakaza vis kidogo kidogo kwa mkono, na almasi ikichoka inapasuka, kazi ya miezi imekwisha.

Na shida njo inatokea pale pale. Kitu chenye unapima ni kidogo kuliko upana wa unywele, kimezungukwa na chuma na almasi, na vyote vile vinaijibu sumaku kwa namna yao. Ni kama kusikiliza mbu pembeni ya grupu inayonguruma. Kupima umeme ni rahisi zaidi, lakini wewe fundi unajua multimetre inaweza kukuonyesha zero juu tu waya mbili zimegusana mahali hukuona.

Kwa hiyo watafiti walitumia akili. Mwaka 2016 walichomeka kijikaratasi cha bati ndani kabisa ya ile hidrojeni na salfa (bati ya madini, kama ile ya kasiteriti ya Kivu, si manjanja ya nyumba), wakaweka sumaku kali inje, alafu wakauliza viini vya atomu za bati kwa mwanga wa eksirei kule Grenoble: munasikia sumaku? Kwenye baridi, viini havikusikia kitu. Vilikuwa kama mtu amelala ndani ya nyumba na mvua inapiga inje. Walipopasha joto ya kutosha, vikaanza kuisikia. Kwangu mimi ile ni nzuri kuliko zote.

Mu 2023 watu wa Mainz wakaleta nyingine: unaweka sumaku, unaiondoa, alafu unapima kama kile kitu kimebakisha nguvu iliyonaswa ndani. Chuma cha pembeni hakiwezi kuinasa vile, basi grupu imezimika na mbu anasikika. Na 2024 wengine wakaifanya almasi yenyewe kuwa kipimo, ina vidoa vya nitrojeni kwenye ncha vinavyobadilisha mwanga wao kufuatana na sumaku, wakachora ramani ya nguvu ikisukumwa inje ya seriumu na hidrojeni.

Mabishano yako, ndiyo. Makala moja ya 2020 ilidai suprakondukta ya presyo kwenye digrii 15 juu ya zero, jarida la Nature likaiondoa 2022, na sababu ilikuwa namna walivyoondoa kelele ya nyuma (alama za vitu vya pembeni) kwenye vipimo vya sumaku bila kuieleza sawasawa. Unaona ilipokwama? Na ile LK-99 ya Korea Kusini, 2023, kijiwe chenye walidai ni suprakondukta bila baridi wala presyo, kipande kilinyanyuka upande mmoja tu, upande mwingine ukabaki chini. Wengine walipokipima wakakuta sumaku ya kawaida na uchafu wa shaba na salfa.

SWALI FUPI, la dada wa Goma: Chini kabisa ya ziwa Kivu presyo haitoshe kwa kazi ile?

JIBU: Hapana dada. Kina ni karibu mita 485, maji yanafinya kama mara 48 ya hewa ya juu. Inatosha kushikilia ile gazi ya metani isitoke, lakini kwa hidrojeni na salfa ungeomba kama mara elfu 30 zaidi.