Sarafu ya Yuan Shikai: ipime kwanza, hadithi utasikiliza baadaye

Juzi usiku dogo mmoja anayenisoma kanitumia picha kutoka Guangzhou, kaenda kufuata mzigo wa simu, sasa kuna mzee kamtolea sarafu ya fedha (yale madini, silver) kwenye kitambaa, ina sura ya Yuan Shikai, yule jenerali mwenye nywele fupi na masharubu aliyekuja kuwa rais wa China. Anaambiwa ni ya 1916, mwaka aliokufa mwenyewe, ndo maana adimu. "Bro nichukue?" Acha. Hiyo hata mizani usiitoe mfukoni.

Iko hivi, mwaka kwenye sarafu hizi unahesabiwa toka Jamhuri ya China ianze, 1912 ndo mwaka wa kwanza, so unachukua namba unajumlisha 1911. Za kawaida za dola moja (dola ya China, yaani yuan moja) zenye sura ya Yuan ni za mwaka wa 3, 8, 9 na 10 tu, yaani 1914, 1919, 1920 na 1921. Mwaka wa 5 haupo. Na ya 1914 ina herufi sita juu ya kichwa, hizo nyingine saba. Wala huhitaji kujua Kichina, tatu ni mistari mitatu, kumi ni kama alama ya kujumlisha.

Mimi haya mambo nilianza wenzangu wakinicheka pale Xiaobei, mtaa wa Guangzhou, natembea na kamizani kadogo mfukoni na sumaku, wakaniita sonara. Mmoja akafika nyumbani akatangaza kwamba mtaji wangu umeishia kwenye vyuma vya Wachina, mpaka shemeji akanipigia simu kuniuliza kulikoni. Leo hao hao ndo wa kwanza kunitumia picha WhatsApp. Nawajibu vizuri tu, ila sijasahau.

Sasa kupima. Dola ya kweli ina gramu 26 na nusu hivi mpaka 26.8, iliyochakaa sana inapungua kidogo. Ikija na gramu 22 mrudishie mwenyewe. Sumaku ikiinasa, kwaheri, ila isiponasa usishangilie maana shaba nayo hainasi. Kipimo ninachokiamini ni cha maji: kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha sifuri, funga sarafu kwa uzi izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Ya fedha itasoma kama 2.6. Ikisoma 3 na kuendelea hiyo ni madini mengine yamepakwa rangi ya heshima. Habari za kupuliza ukingo na kusikiliza sikioni kama inalia waachie wauzaji, ndo onyesho lao hilo.

Shida ni kwamba kuna feki za fedha kweli, mizani inapita na maji yanapita. Hapo ni lenzi: angalia meno ya pembeni kama yana mstari wa kuungia kalibu, angalia nywele na masharubu kama yameyeyuka kama sabuni, uso kama una vishimo vidogo vidogo. Na ile iliyofungwa kwenye plastiki ya PCGS au NGC, kampuni za kuthibitisha sarafu, usiamini plastiki, hata plastiki wanafoji, ingiza namba kwenye tovuti yao ulinganishe na picha mkwaruzo kwa mkwaruzo.

Bei sasa. Vijana mnadhani umri ndo bei, hapana, hizi zilitengenezwa kwa mamilioni. Ya kawaida iliyochoka inacheza juu ya thamani ya fedha iliyomo, kama gramu 24 safi, kwa hiyo cheki bei ya fedha siku hiyo ndo uanze kubishana. Pesa ndefu iko kwenye usafi wa sura na matoleo adimu.

Halafu jamani, mkizipata za kweli acheni kuzisugua na dawa ya meno! Ule weusi mnaouona uchafu ndo mnunuzi anautafuta, ukiung'arisha umeshajikata bei mwenyewe na hakuna fundi wa kuurudisha.