Barua kwa mwanangu: AHI 11 au 24, ipi ya kweli?

Mwanangu, meseji yako nimeipata na zile picha mbili za ripoti nimezifungua. Unauliza kile kipimo cha kukatika pumzi usingizini ulojifunga mwenyewe nyumbani kimetoa AHI 11, cha kulala spitali kimetoa 24, basi ipi kweli na ipi imekudanganya. Mkeo nae kaniandikia kivyake, ati hao wa spitali wanataka kukuuzia mashine tu. Ngojeni kwanza. Hii ndo kazi niloifanya Maskat miaka yote ile, nyie hapa Wete mkidhani mama anakesha kulinda wagonjwa kumbe nakesha nasoma mistari kwenye kompyuta, na nnakwambia namba hizo mbili zinaweza kuwa za mtu yule yule na pumzi zile zile.

AHI ni hesabu ya kugawa tu baba, hamna uchawi. Juu unaweka mara ngapi pumzi imesita au imepungua usiku kucha, chini unaweka masaa. Ikifika 5 mpaka chini ya 15 wanaita hali nyepesi, 15 mpaka chini ya 30 ya wastani, 30 kwenda juu kali, hiyo kwa watu wazima, mtoto mdogo hata 1 kwa saa daktari anaanza kuuliza maswali. Sasa fitna yote iko hapo, juu kumehesabiwa nini na chini kumewekwa masaa gani.

Tuanze na chini maana ndo rahisi. Kile kidude cha nyumbani kina mpira wa puani, mkanda wa kifuani na sensa ya kidoleni, waya za kichwani hakina, kwahiyo hakijui kama umelala au umejinyoosha tu unatazama simu (na mie nakujua). Kinagawa kwa masaa yote kilivyokuwa kinarikodi. Spitali wamekubandika waya kichwani, pembeni ya macho na kidevuni, usiku mzima unakatwa vipande vya sekunde 30, epoki tukiita, na kila kipande mtu anakaa anakipa jina, huyu macho, huyu N1, N2, N3, yaani usingizi mwepesi kwenda mzito, huyu yuko kwenye REM ile ya ndoto. Wanagawa kwa masaa ya usingizi peke yake. Chukua mfano pumzi zimekorofisha mara 88, kidude kimerikodi masaa 8, unapata 11. Lakini kama kweli ulilala masaa matano na nusu, 88 zile zile zinakupa 16, ushatoka nyepesi umeingia ya wastani na hujaongeza hata pumzi moja.

Haya njoo juu. Apnia haina ubishi mwingi, hewa inapungua asilimia 90 au zaidi kwa sekunde 10 au zaidi. Hapo unatazama mikanda ya kifua na tumbo, kama bado vinahangaika kuvuta basi koo ndo limeziba, kama vimetulia kimya basi ubongo haukutuma amri, hiyo wanaita ya sentro na matibabu yake mbali, ndo maana usikubali mtu akutajie jumla tu.

Haipopnia ndo inayogombanisha watu. Hewa inapungua asilimia 30 au zaidi kwa sekunde 10, lakini peke yake haitoshi, lazima kitu kifuate. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani, AASM, tokea 2012 kinapendekeza ihesabiwe kama oksijini imeshuka asilimia 3 au mtu kazinduka. Medicare, ile bima ya wazee wa huko, wao wanataka ishuke 4, kuzinduka hawakuhesabu. Na kuzinduka si kuamka ukakaa kitako, ni mawimbi ya ubongo kubadilika ghafla japo sekunde 3 baada ya usingizi uliotulia japo sekunde 10, asubuhi mwenyewe hukumbuki kitu ila siku nzima unapiga miayo. Watu wembamba wa umri wako wako hivyo sana, oksijini yao haishuki sana lakini ubongo unashtuliwa usiku kucha, na kidude kisicho na waya za kichwani hakiwezi kukiona hicho. Sasa kwenye zile 88 ongeza 44 za kuzinduka, ni 132, gawa kwa masaa matano na nusu. Ishatoka 24 hiyo.

Sisemi ndo ilivyokwenda kwako, siku nazo hazifanani. Spitali na zile waya wengi wanalala chali, na ukilala chali koo linabana zaidi, na kwenye REM misuli inalegea hali inazidi. Na ile sensa ya kidoleni isikutie kiburi ukiona oksijini nzuri, kwenye ngozi nyeusi kama zetu huweza kusoma juu kuliko ilivyo. Tena sie, wanawake wakija na piko mpaka kwenye kucha tulikuwa na kazi ya kuwatafutia kidole kisafi!

Mie naamini zaidi ya spitali, kwa sababu kilokupeleka kule ni kusinzia mchana, na kinachosinzisha mchana ndo kile ambacho kidude cha nyumbani kilikuwa hakikioni. Kwahiyo mkeo mwambie polepole, kwa 24 na kusinzia juu yake daktari kukutajia CPAP, ndo hiyo mashine ya kusukuma hewa puani ukilala, si biashara.

Lakini hiyo picha ulonitumia ni ukurasa wa kwanza tu. Waombe zote, nataka nione haipopnia wamehesabu kwa asilimia 3 au 4, usingizi wenyewe masaa mangapi, apnia za sentro ngapi, oksijini imeshuka mpaka wapi, na AHI ya ukilala chali ni ngapi na ya ubavu ngapi, hiyo mara nyingi wanaiweka mwisho. Na mpaka uanze matibabu, safari za mbali gari mwachie mkeo aendeshe, nshamwambia.

Mamako