Usilipie sindano kabla hujajua kichwa kina nini

Mwanangu Amina,

Salamu zako zimenifikia hapa Arua, na picha zote nimezitazama. Unasema kliniki moja ya urembo huko Kampala inakutaka ulipe mamilioni ikuchome sindano za seli shina utosini, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli nyingine, ili nywele zako zilizopungua ziote tena, na unaniuliza kama utoe zile fedha ulizoweka za kiwanja. Usitoe. Usilipe hata shilingi mpaka daktari wa ngozi akishike hicho kichwa na kukwambia kina ugonjwa gani. Najua hukuuliza kwa mchezo. Mwanamke akianza kuiona ngozi ya kichwa chake kwenye kioo, usingizi humruka, kwa hiyo nitakueleza yote ninayoyajua.

Habari ya seli si uongo mtupu. Kila unywele umeota ndani ya kinyweleo, na chini kabisa ya kinyweleo kuna seli zinazouamuru ukue au upumzike. Upara wa kurithi hauviui vinyweleo kwa siku moja. Vinasinyaa polepole: kila unywele mpya hutoka mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia. Kwa wanaume kinachovisinyaza ni homoni iitwayo DHT, na huanzia pembe za paji la uso na utosini. Kwa wanawake mara nyingi ukingo wa mbele hubaki, ila ile njia ya katikati hupanuka. Nywele za kisogoni hazisumbuliwi sana na homoni hiyo, ndiyo maana mzee mwenye kipara hubaki na nywele nyuma. Hapo ndipo watafiti walipopata wazo: kutoa seli za kisogoni, kuzizalisha maabara, kisha kuzidunga palipopungua.

Mwaka 1999 Colin Jahoda na wenzake huko Uingereza walichukua seli za vinyweleo vya kichwa cha mwanamume, wakazipandikiza kwenye mkono wa mwanamke, na nywele zikaota. Watu walidhani kipara kimepata dawa. Shida ikawa maabara: seli hizo zikikuzwa zikiwa zimetandazwa kwenye sahani, zinasahau kazi yao. Mwaka 2013 timu yake na ya Angela Christiano wa Marekani ilionyesha kwamba zikikuzwa zikiwa zimeshikamana kama vidonge vidogo, zinarudiwa na sehemu ya kumbukumbu. Halafu kuna Wajapani, ambao utafiti wao ulitoka mwaka 2020. Walitibu wanaume 50 na wanawake 15, kila mtu kwa seli zake mwenyewe, na kwenye kichwa hicho hicho sehemu nyingine ikadungwa maji yasiyo na seli ili walinganishe. Baada ya miezi 6 na 9, mahali palipopata dozi ndogo kuliko zote palikuwa na nywele zaidi kuliko palipodungwa maji. Dozi kubwa hazikushinda. Nywele ziliongezeka, ndiyo, lakini kidogo, na hakuna aliyetoka pale na kichwa cha ujana.

Sasa hiyo kliniki yako. Kazi ya Wajapani inahitaji kukata kipande cha ngozi, maabara safi na wiki kadhaa za kukuza seli. Wewe umeambiwa utamaliza kwa saa moja. Basi waulize wanadunga nini hasa. Kama wanakutoa damu, wanaizungusha kwenye mashine na kukurudishia plasma yake, hiyo inaitwa PRP. Ina chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, haina seli shina. Huwasaidia baadhi ya watu, na lazima irudiwe. Kama wanasema ni eksosomu za kwenye kichupa, yaani vifuko vidogo mno vinavyotolewa na seli, ondoka. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya wagonjwa kudhurika na bidhaa hizo.

Lakini linaloniumiza kichwa zaidi ni picha ya tatu. Umeandika kwamba utosi unawasha na wakati mwingine unaungua, hasa ukitoka kusuka Wandegeya. Upara wa kurithi kwa kawaida hauungui. Uko ugonjwa unaowapata sana wanawake wa Kiafrika, unaoanzia katikati ya utosi na kupanuka kama duara, ukiacha kovu. Kinyweleo kikishageuka kovu hakirudi, na hizo seli hazina pa kushika. Kwa hiyo kesho asubuhi simama juani, mwambie rafiki yako agawe nywele kwa mkia wa kitana, apige picha karibu sana. Ukiona vitundu vidogo kwenye ngozi, hata visivyo na nywele, bado kuna uhai. Ukiona ngozi laini inayong'aa, bila kitundu, usingoje mwisho wa mwezi. Nenda kliniki ya ngozi ya hospitali ya Mulago; pengine watakata kipande kidogo wakipime. Ugonjwa huo ukikamatwa mapema unaweza kusimamishwa. Na mpaka siku hiyo fumua hizo rasta, na dawa ya kunyoosha usiiguse.

Wakikuta ni upara wa kurithi, yaelekea watakuandikia minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, ya kupaka. Wiki za kwanza nywele huweza kudondoka zaidi, usiogope ukaiacha. Matokeo huonekana baada ya miezi minne au sita, na ukiacha kupaka, faida nayo hupotea. Kama unawaza kupata mtoto, mwambie daktari kabla hujaanza. Kaka yako naye pembe zinamrudi nyuma. Yeye anaweza kuulizia finasteridi, dawa inayopunguza ile DHT, lakini vidonge vyake wewe usivimeze kamwe, vinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Waombe pia wapime damu: madini ya chuma na tezi ya shingo.

Nauli ya kwenda Mulago na fedha za vipimo nitakutumia kwa simu Ijumaa. Kiwanja kiache kilivyo. Wakishakuandikia dawa, nipigie picha karatasi yenyewe, nisome dozi kabla hujanunua.

Mimi mama yako