Njia ya Kiangazi, Njia ya Masika

Ijumaa moja ya mwezi Machi nilikuwa nawahi msiba Iganzo, hapa Mbeya. Nilikuwa nimetumiwa lokesheni, na simu ikasema ni dakika 18 kwa miguu. Nikainamisha kichwa nikaufuata mshale: kichochoro, kiwanja chenye matofali yaliyoanikwa, shamba la viazi, mpaka nikajikuta nimesimama ukingoni mwa korongo. Ng'ambo, kama mita 30 tu, niliyaona maturubai na kuisikia kwaya. Katikati yalikuwa yanashuka maji mekundu yaliyobeba matawi. Kwenye kioo mstari ulikatiza hapo umenyooka, kana kwamba kuna daraja.

Pembeni kulikuwa na bibi anapalilia. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo unayoitafuta ni njia ya kiangazi. Masika tunapandisha mpaka kwenye mparachichi mkubwa, ndipo tunavukia."

Nikamwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, nikapandisha. Nilifika jeneza limeshatolewa ndani, na hadi leo inaniuma.

Simuambii mtu aache kutumia ramani ya simu. Naitumia kila wiki. Ninachomwambia ni kwamba aisome kabla hajatoka. Kaa kitini, itazame njia nzima toka mwanzo hadi mwisho, chagua alama tatu utakazozipita (kanisa, shule, kona ya lami), kisha simu iingie mfukoni. Sisi wa Mbeya tuna bahati kubwa: mlima Loleza uko kaskazini mwa mji. Ukiwa mitaa ya upande wa mlima ukapotea, upe mgongo ushuke, utaangukia barabara kuu iendayo Tunduma. Ukungu ukiufunika mlima asubuhi, hapo ndipo simu inapokufaa kweli.

Na inakufaa hata bando likiisha. Wengi hawalijui hili. Mahali ulipo simu inapajua kwa mawimbi ya setilaiti za GPS, zilizo kilomita 20,200 hivi juu ya dunia, na inahitaji kuzipata angalau nne. Intaneti inahitajika kuleta picha ya ramani tu, kwa hiyo ipakue ramani ya mji ukiwa nyumbani. Jambo jingine: ukiwa umesimama, usiuamini sana mshale unaoonyesha umeelekea wapi. Mshale huo hutegemea dira iliyo ndani ya simu, na chuma kilicho karibu, kama geti au gari, huivuruga. Tembea hatua kumi, kisha tazama kidoti cha buluu kimesogea upande gani.

Kuna suala la kichwa chenyewe. Mwaka 2000 watafiti wa London wakiongozwa na Eleanor Maguire walichapisha matokeo ya kupima bongo za madereva teksi wa jiji hilo, watu wanaolazimika kukariri maelfu ya mitaa kabla ya kupewa leseni. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi, inayohusika na kukumbuka mahali, ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa watu wengine. Nikiwatazama bodaboda wetu wa Mwanjelwa, wanaokufikisha mlangoni kwa kuambiwa "kwa mama muuza mkaa", naona elimu ileile, na ninaogopa kuipoteza mimi mwenyewe. Ndiyo maana mara moja kwa wiki natoka bila kuwasha ramani, hata kama ni kwenda na kurudi kwa njia mbili tofauti.

Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, mitaa mingi ina nguzo za majina na nyumba zina namba. Zisome ukipita, zitakusaidia. Lakini namba haikuambii kama maji yamejaa korongoni. Hilo muulize mtu, na umwamkie kwanza. Usiulize "njia iko wapi?" Uliza "msimu huu mnapita wapi?" Utapata jibu tofauti kabisa.

Mimi nilirudi Iganzo Jumamosi iliyofuata. Ipo ramani ya wazi iitwayo OpenStreetMap, iliyoanza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuirekebisha. Niliitembea njia ya juu polepole, simu ikirekodi, kisha jioni nikaichora. Mparachichi nao nimeuweka.