Usianze na Jedwali: Namna ya Kuzielewa Tofauti za DNA ya Prokarioti na ya Yukarioti

Nilipokuwa kidato cha tano nilizikariri tofauti za DNA ya prokarioti (viumbe kama bakteria, ambao seli zao hazina kiini) na ya yukarioti (viumbe kama sisi, ambao seli zao zina kiini) katika jedwali la safu mbili: duara upande huu, uzi wenye ncha upande ule, huku hakuna histoni (protini ambazo DNA huzungushiwa), kule zipo, huku saitoplazimu, kule kiini. Mtihani ulipouliza kwa nini bakteria huanza kutengeneza protini kabla jeni haijamaliza kunukuliwa, yaani kabla ujumbe wake haujamaliza kuandikwa kuwa RNA, sikuwa na la kuandika, ingawa jibu lilikuwa ndani ya jedwali lilelile. Leo ninafundisha baiolojia, na ninawasihi wanafunzi wangu waanze na maswali mawili tu: DNA hii ina urefu gani, na imewekwa wapi?

Chukua uzi wa kushonea. DNA ya bakteria Escherichia coli ina jozi za besi (vidato vya ngazi ya DNA) takribani milioni 4.6, ambazo zikinyooshwa hufikia milimita 1.6 hivi, ilhali seli yenyewe ina urefu wa mikromita 2. Ukivikuza vyote mara 10,000, seli inakuwa ya sentimita 2 na uzi unakuwa wa mita 16. Nimewapa wanafunzi uzi halisi wa urefu huo, nao walipojaribu kuukusanya walitambua wenyewe kwamba hautoshei bila kusokotwa. Kwa hiyo usiridhike na usemi kwamba DNA ya bakteria ni tupu: haina histoni, lakini imejisokota na kushikwa na protini nyingine.

Kwa binadamu, kromosomu 46 za seli moja zina jumla ya mita 2 hivi za DNA. Kwa kipimo kilekile, kiini kinatoshana na limau na uzi unafika kilomita 20. Hapo ndipo umuhimu wa histoni unapoonekana, kwani vipande vya jozi za besi 147 hivi huzungushwa kimoja baada ya kingine kwenye mafungu ya histoni nane nane. Urefu huo pia unaeleza unakili, yaani namna DNA inavyotengenezewa nakala yake: E. coli huanzia mahali pamoja na kumaliza kwa dakika 40 hivi, lakini seli yetu, ambayo hunakili polepole zaidi, hulazimika kuanzia maelfu ya mahali kwa pamoja.

Swali la pili, la mahali DNA ilipowekwa, ndilo lililonishinda mtihanini. Bakteria hana utando wa kiini, hivyo ribosomu, mashine za seli za kutengeneza protini, huidaka RNA ingali inanukuliwa. Katika yukarioti RNA huandaliwa kwanza ndani ya kiini, introni (vipande visivyobeba maelekezo ya protini) zikakatwa, kisha ndipo hutoka. Kuwepo kwa introni kuligunduliwa mwaka 1977, na Richard Roberts na Phillip Sharp wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1993 kwa kazi hiyo.

Mwisho, jifunze mambo yanayovunja jedwali, maana hayo huonyesha kama umeelewa. Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, ana kromosomu mbili. Borrelia burgdorferi, bakteria wa ugonjwa wa Lyme, ana kromosomu yenye ncha. Arkea wengi, viumbe wadogo ambao ni prokarioti lakini si bakteria, wana histoni. Nazo mitokondria zetu, sehemu za seli zinazozalisha nishati, zina DNA yao ya duara, yenye jozi za besi 16,569 na jeni 37, kwa sababu asili yake ni bakteria aliyemezwa na seli nyingine zamani sana.